Idadi ya wanafunzi ibandikwe mlangoni mwa shule

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme neno kuhusu hesabu za wanafunzi katika shule za msingi za serikali hapa Lubumbashi. Elimu ya bure, ambayo kifungu cha 43 cha Katiba ya Kongo (DRC) ya 2006 kiliiahidi, ilipoanza kutekelezwa Septemba 2019, watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa karo walipata tena nafasi, na sisi wazazi tunashukuru. Vyumba, hata hivyo, havikuongezeka kwa kasi hiyo. Darasani mwa mwanangu wa mwaka wa tatu, dawati lililochongwa kwa ajili ya watoto wawili hukaliwa na wanne, na wa pembeni huandikia magotini.

Nilipomwuliza mkuu wa shule idadi kamili, alinijibu kwa upole kwamba hesabu zilikwisha kupelekwa juu. Ni kweli, kwa kuwa kila mwaka shule hujaza fomu ya takwimu, ile ambayo walimu huiita ST2, yenye idadi ya wanafunzi, walimu na vyumba, nayo hupanda ngazi kwa ngazi hadi Kinshasa. Kupanda inajua, kushuka hadi kwa mzazi haijajifunza.

Kinachotufikia, kikitufikia, ni wastani, na wastani hufunika mengi. Ukigawa wanafunzi kwa walimu wanaolipwa na serikali unapata jibu moja, lakini ukiwaongeza wale wa N.U. (nouvelles unités), yaani walimu wapya wanaofundisha bila mshahara wa serikali, jibu linakuwa dogo zaidi, hali msongamano ni ule ule. Chumba chenye kundi la asubuhi na la mchana nacho kinaweza kuhesabiwa mara mbili. Tena, shule ya wilaya ya Kamalondo ikichanganywa na ya wilaya ya Annexe, ambako mji wetu unazidi kupanuka, hutajua ni ipi inayohitaji matofali kwanza.

Sidai kompyuta wala tovuti. Natosheka na karatasi moja mlangoni mwa shule kila Oktoba, ikionyesha darasa kwa darasa wanafunzi, mwalimu na chumba, bila jina la mtoto yeyote, na nakala yake ipewe kamati ya wazazi. Wakuu wa shule wanaoogopa aibu wasiogope. Si wao waliopaswa kujenga vyumba.

Katika kikao kijacho cha kamati yetu nitaomba kwa maandishi nakala ya ST2 ya shule yetu, na jibu nitakalopewa, hata la kukataliwa, nitakuletea.

Mzazi, Katuba, Lubumbashi