Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Kaunti ya Kisumu

KUH: FAMILIA ZA KIGENI NA UCHAGUZI WA AGOSTI 2027

Mheshimiwa Kamishna,

Kazi yetu ni kuzisaidia familia za kigeni zinazoishi Kisumu kupata vibali, nyumba na shule. Tunakuandikia mapema kwa sababu mengi tunayoyaomba hayawezekani tena wiki ya kura ikishafika.

Tuanze na kalenda. Mipango ya usalama huzungumzwa kana kwamba shughuli yote ni Jumanne ya tarehe 10 Agosti. Siku yenyewe huwa shwari; watu wako foleni tangu alfajiri. Joto hupanda wakati wa kujumlisha kura. Katiba inaipa tume ya uchaguzi siku 7 kumtangaza rais mteule, mlalamishi siku 7 kuwasilisha kesi, na Mahakama ya Juu siku 14 kuamua. Hapo tumeshafika tarehe 7 Septemba. Ushindi ukibatilishwa, kura hurudiwa ndani ya siku 60, na mwezi wa Novemba unaingia. Si jambo la kuwaza tu: mwaka 2017 kura ya tarehe 8 Agosti ilifutwa tarehe 1 Septemba na marudio yakawekwa tarehe 26 Oktoba, ambayo hapa kwetu, Siaya, Homa Bay na Migori hayakufanyika kabisa.

Sasa chukua kibali cha kazi kinachoisha tarehe 20 Agosti. Pasi za kuishi nchini za mke na watoto zimening'inia kwenye kibali hicho, kwa hiyo kikiisha, nyumba nzima imeisha. Ofisi zikifungwa siku chache tu, kinachobaki mkononi ni stakabadhi ya maombi, na usiku kwenye kizuizi cha barabarani si kila askari anayejua aichukulie vipi. Tunaomba ukubaliane na uhamiaji kwamba maombi ya kuhuisha vibali vyote vinavyoisha kati ya tarehe 1 Agosti na 15 Novemba yapokewe kuanzia Mei, kisha maafisa wa vizuizini wapewe maelezo ya maandishi kuhusu stakabadhi hizo.

Kuna pia hili la kuvuka mpaka. Balozi nyingi ziko Nairobi, kilomita 350 hivi, na njia ya kwenda huko hupitia Ahero, Kericho na Nakuru. Mwanzoni mwa 2008 njia hiyo ilikatika hata Uganda ikakosa mafuta. Busia, mji wa mpakani na Uganda, iko karibu zaidi, kama kilomita 110 kupitia Maseno na Luanda. Lakini Busia humrudisha asiyejiandaa. Wengi wasio wa Afrika Mashariki wanahitaji viza ya Uganda, inayoombwa mtandaoni kabla ya safari. Kadi ya njano ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo aliyechanjwa juzi ni kama hajachanjwa. Mtoto wa chini ya miezi 9 hachanjwi kwa kawaida, na mzazi anayesafiri naye peke yake aandamane na cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mwenzake. Tangazo moja la ofisi yako mwezi Juni lenye mambo haya manne lingepunguza msongamano mpakani.

Mheshimiwa, mgeni si yule wa Milimani, mtaa wa wenye uwezo, peke yake. Kuna fundi Mkongomani anayekaa Manyatta na mshonaji Mganda wa Nyalenda, na hao ndio walio katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa lafudhi yao husikika haraka na hawana gari wala mlinzi. Machifu na wazee wa mitaa wanawafahamu. Tunaomba kila naibu chifu awe na daftari la hiari: jina la mkuu wa familia, idadi ya watoto, ploti, simu mbili, na dawa asiyoweza kukosa mtu, kama insulini. Likae kwake, lisibandikwe ukutani wala kusambazwa WhatsApp. Orodha ya wageni ikiangukia mikono mibaya ni afadhali isingeandikwa.

Barabara nazo. Kondele, Nyamasaria na Nyalenda hufungwa kwa matairi na mawe bila taarifa, na anayetoka Mamboleo kuja mjini hupitia Kondele. Madereva huchomeka matawi ya majani mbele ya gari wapite. Wageni wameanza kuiga, ilhali kijana wa kizuizini hulisoma tawi hilo kama kuunga mkono upande. Ujumbe wa polisi saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi jioni, kwa redio za Kijaluo na Kiswahili, unaotaja barabara kwa jina, ungewatosha watu.

Pesa tutazitaja kwa ufupi: mawakala wa M-Pesa huishiwa noti kabla ya kufunga, kwa hiyo tunaziambia familia zitoe mapema, kwa noti za 50, 100 na 200.

Tuko tayari kuleta rasimu ya daftari na ya tangazo ofisini kwako wakati wowote kabla ya Mei.

Wako,
Wasaidizi wa makazi na vibali vya wageni, Kisumu