Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mwaka huu karibu wote tumeumaliza tukitafuta karatasi moja: mchoro wa mipango miji unaoonyesha kwamba uwanja wetu ni eneo la wazi. Tulizungushwa dirisha hadi dirisha kwa miezi saba, huku tukiulizwa, "Mna ushahidi gani?" Siku tuliyopata nakala, mzee mhazini aliitandaza kwenye meza ya mama lishe, akakandamiza pembe zake kwa vikombe vya chai, kisha akashusha kidole. "Hapa." Kidole kilikuwa mahali ambapo leo pana gereji.

Tulikwenda na mpima ardhi kutafuta bikoni, yaani alama za mipaka zinazofukiwa kwenye pembe za eneo. Tatu tulizikuta, moja ikiwa imefungiwa kamba ya mbuzi. Ya nne haikuonekana.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji, nasi tumeiandikia barua; majibu bado. Lakini tusijidanganye kuwa mchoro unatosha. Bustani ya mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ilianzishwa 1893, enzi za Wajerumani, ikiwa mali ya serikali. Imemegwa mpaka leo kimebaki kipande. Eneo lisilo na watu wanaolitumia kila siku humegwa, liwe na karatasi au lisiwe nayo.

Ndiyo maana nilipinga hoja ya kujenga ukuta, na najua baadhi yenu mlinikasirikia. Ukuta una geti, geti lina ufunguo, na ufunguo una mwenyewe. Mimi nataka watoto wa chandimu waendelee kupita popote.

Tulijadili pia mpango wa Bonde la Msimbazi, unaotumia mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2022, ambao ndani yake imo bustani ya jiji. Pale Jangwani, ndani ya bonde hilo, maji hurudi kila masika, kwa hiyo nyasi zinafaa kuliko nyumba. Swali letu ni lile lile: nani ataitunza miti ikishapandwa?

Kuhusu ada, wengi hamjalipa. Mhazini anawafahamu.

Bikoni ya nne tunaamini iko chini ya sakafu ya gereji. Fundi, ambaye naye ni jirani yetu, amekubali tuvunje kona Jumamosi saa moja asubuhi, mradi tuirudishie zege. Wenye sururu waje nazo.