Risala ya wanafunzi wa usanifu majengo kwa mgeni rasmi, Edinburgh

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mlezi wetu, walimu wetu, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuja na mvua yote hii. Sisi ni wanafunzi 14 kutoka Tanzania na Kenya. Desturi ya risala ni kuanza na historia ya kikundi, lakini yetu ni fupi mno. Nafasi hiyo tunaomba tumpe Robert Adam, msanifu majengo Mskoti wa karne ya 18, ambaye tumemsoma mwaka mzima, kwa kuwa kila siku tunapita chini ya kuta zake.

Adam alizaliwa mwaka 1728 Kirkcaldy, ng'ambo tu ya maji haya. Baba yake, William, alikuwa msanifu mwenye jina kubwa kuliko wote Uskoti. Alipofariki mwaka 1748, wanawe walirithi kazi za kujenga ngome za jeshi huko kaskazini, Fort George ikiwemo. Faida ya ngome ndiyo iliyokuwa nauli ya Robert. Oktoba 1754 aliondoka, akapitia Paris na Florence hadi Roma. Huko alijitembeza kama bwana mkubwa aliyekuja kutalii, maana alijua matajiri wa Uingereza wasingemkaribisha mezani mtoto wa fundi. Tulicheka tuliposoma hayo, kisha tukatazamana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, safari tunayotaka kukusimulia hasa ni ya mwaka 1757. Adam alivuka bahari ya Adriatic hadi Split, mji ulioko Croatia ya leo, akiwa na mwalimu wake wa kuchora, Mfaransa Clérisseau, pamoja na wachoraji wawili. Alifuata magofu ya jumba alilojijengea mfalme wa Roma, Diocletian, la kupumzikia baada ya kuachia madaraka mwaka 305. Wasomi wengi wa wakati huo walikuwa wakipima mahekalu. Adam alitaka kujua watu wa kale waliishije majumbani: chumba kipi kinafuata kipi, ukumbi unaishia wapi. Kazi haikuwa nyepesi, kwani wenyeji walikuwa wamejenga nyumba zao humo humo, zimebanana ndani ya kuta za mfalme.

Mara gavana wa Venice, iliyotawala mji huo, akaingiwa na shaka. Mgeni anazunguka na kamba, anapima kuta, anaandika: kama si jasusi ni nani? Akataka kazi isimame. Aliyemwokoa ni Jenerali Graeme, Mskoti mwenzake aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Venice, ambaye alimwombea kwa gavana. Kazi ikaendelea, na ndani ya wiki tano vipimo vikawa vimekamilika. Mwaka 1764 vilitoka katika kitabu kikubwa cha michoro.

Kufikia hapo Adam alikuwa London tangu 1758, akifanya kazi na ndugu zake. Katika majumba kama Syon, Osterley na Kedleston alichora kila kitu, kuanzia dari, zulia, meko hadi vitasa vya milango. Hakuwa na bahati siku zote. Mwaka 1768 yeye na ndugu zake walianza mradi wa nyumba wa Adelphi kando ya mto Thames kwa fedha zao na za mikopo. Mabenki yalipoyumba mwaka 1772 wakakwama, hadi wakaendesha bahati nasibu ili wajinasue. Hata Register House, jengo lake la kuhifadhia kumbukumbu za Uskoti hapa mjini, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa 1774, iliishiwa fedha ikasimama miaka kadhaa bila kukamilika, watu wakaibeza kuwa ni banda la njiwa la kifahari kuliko yote Ulaya. Michoro ya nyumba za Charlotte Square, hapa hapa mjini, aliifanya 1791. Mwaka uliofuata alifariki, hata nyumba hizo hajaziona.

Mheshimiwa, sasa tuje kwenye maombi. Mwezi uliopita tulizungushia futikamba nguzo za lango la Old College, jengo la chuo kikuu hapa mjini alilolisanifu Adam, ambazo kila moja ni jiwe moja zima. Mlinzi alitutazama, akacheka, akatuachia njia. Likizo iliyopita mwenzetu mmoja alijaribu hivyo hivyo nyumbani, kwenye nyumba ya zamani ya mawe yenye mlango wa nakshi na boriti za mikoko zinazooza. Aliulizwa kibali. Alipokwenda kukiomba, ofisi ya kwanza ilimtuma ya pili, na ya pili ikamrudisha ya kwanza. Likizo ikaisha, naye ana kipimo cha mlango tu: upana, bila urefu.

Julai tutakwenda watu sita kuipima nyumba hiyo. Nauli tumeichanga wenyewe, futikamba tunazo, karatasi tunazo. Tunachokosa ni Jenerali Graeme. Wewe umefanya kazi na ofisi hizo miaka mingi na zinakufahamu. Tunakuomba barua moja yenye sahihi yako.

Naomba kuwasilisha.