Risala ya Kikundi cha Maigizo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, wazazi na walimu wetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha shuleni kwetu, hapa Dodoma, na kukushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ili utusikilize.

Kikundi chetu kilianza na wanafunzi sita chini ya mkwaju na leo kina wanachama 34. Kimeigiza mbele ya wazazi mara mbili na kushika nafasi ya pili katika mashindano ya kata, ushindi ulioiletea shule sifa kubwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tatizo letu ni vitabu. Wengi wetu tumelelewa kwenye ngoma ya muheme na sauti ya zeze, hivyo kusimama mbele ya watu hakututishi. Kinachotushinda ni ukurasa. Mwigizaji anayefanyiwa usaili hupewa ukurasa asiowahi kuuona, kisha hutakiwa kuusoma kwa sauti papo hapo, huku akionyesha mhusika ni nani, anataka nini na nani anamzuia. Ujuzi huo unahitaji matini mpya kila wiki, ilhali sisi tuna nakala tatu za tamthiliya moja, ambayo hata kidato cha kwanza wamekwishaikariri.

Nakala mojawapo ilipotea kurasa nane, tukazinakili kwa mkono kwenye daftari. Aliyenakili aliandika majibizano tu, akaacha maelekezo ya kwenye mabano. Muhula mzima tulimwigiza mama anayesema "Nenda, sijakuzuia" kwa ukali wa kumfukuza mwanawe, mpaka mwalimu mlezi alipoazima nakala kamili, tukakuta kabla ya maneno hayo: "Anamshika mkono." Kumbe mama alikuwa akimsihi abaki.

Nchi yetu haina uhaba wa tamthiliya. Mwalimu Nyerere, pamoja na mzigo wote wa uongozi, alipata muda wa kumtafsiri Shakespeare, na Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile mwaka 1969. Kazi hizo tunazijua kwa majina tu.

Mwaka juzi tuliahidiwa nakala 40 kabla ya muhula kwisha, na mwaka jana ahadi hiyohiyo ikarudiwa tukapiga makofi. Tuliiamini kiasi cha kuchangishana na kununua kufuli la kabati. Kabati hilo liko nyuma yako, limefungwa, na ndani hamna kitu. Endapo makofi yetu leo yatakuwa hafifu, tunakuomba usidhani tumekukosea adabu.

Tunaomba nakala 40: tamthiliya tano tofauti, nakala nane kwa kila moja, ili kila kundi lisome kitu ambacho halijakiona. Tunaomba pia, mbele ya wazazi hawa, ututajie tarehe, na mtu wa ofisini kwako ambaye mwalimu mlezi atamfuata tarehe hiyo ikipita.

Tunaomba kuwasilisha.