Mheshimiwa Waziri, tuongezee mstari mmoja kwenye kadi ya kliniki

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar

Assalaam alaykum.

Mheshimiwa, mimi ni mama wa Wete, Pemba. Mwanangu wa kiume kazaliwa na upungufu wa G6PD. Nakuandikia hadharani kwa sababu naamini wenzangu ni wengi, na wengine hata hawajaambiwa.

G6PD ni kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu. Mwenye upungufu huishi kama watoto wengine, mpaka apatwe na maambukizi au aguswe na kitu kisichopatana naye. Hapo chembe hupasuka kwa wingi, macho yakawa manjano, damu ikashuka. Duniani wenye hali hii wanapindukia milioni 400, na imeenea hasa kwenye nchi zilizokaa na malaria karne kwa karne. Sisi tumo. Si selimundu, maradhi mengine ya damu ya kurithi, ingawa majirani huzichanganya.

Mtihani ni kwamba baadhi ya vitu hivyo ndivyo tunavyovienzi. Mtoto akitimiza arubaini, bibi hufungua sanduku, nguo alizozitunza zikatoka zinanuka nafthalini. Vile vidonge vyeupe tunavyovitia katikati ya kanga kufukuza wadudu ni hatari kwa damu ya mtoto huyu, hata kwa kuvuta harufu yake. Kisha huja hina, apakwe nyayo na viganja apendeze. Hina nayo imewahi kuwafikisha watoto wachanga wenye upungufu huu katika hali mahututi, maana rangi yake hupenya ngozini.

Basi mama anayejua hufanyaje? Nguo za sandukuni husema hazimtoshi. Hina husema mtoto ana vipele. Tumekuwa waongo wa heri, Mheshimiwa, kwa sababu ukieleza ukweli unajibiwa, "Kwetu hakuna maradhi hayo." Na hapo maneno huanza, maana upungufu huu hupita kwenye kromosomu ya X, moja ya nyuzi za urithi, na mtoto wa kiume X yake huipata kwa mama. Mama mwenyewe mara nyingi hana dalili hata moja, wala hakujua kuwa anao. Lakini ukweni nani atasikiliza habari za kromosomu?

Siku mwanangu alipougua, nilianza kuuona mkojo kwenye nepi ya kitambaa: rangi ya chai ya mkandaa, na nepi ilipofuliwa doa likabaki. Alikuwa tayari na miezi kadhaa. Tangu hapo kila asubuhi nafunua kope lake la chini kutazama kama wekundu upo. Nikienda duka la dawa nauliza kabla sijalipa. Pahala pamoja muuzaji aliniuliza, "G6PD ndiyo nini?" Sikumlaumu sana, lakini dawa sikununua.

Sijasema tuache kupambana na malaria. Dozi moja ndogo ya primakwini, dawa ya malaria, Shirika la Afya Duniani liliiruhusu mwaka 2012 bila kulazimisha kipimo cha G6PD; dozi za siku nyingi ndizo za kuogopwa, pamoja na dawa kama dapsoni ya ukoma na nitrofurantoini ya maambukizi ya njia ya mkojo.

Ninachoomba ni kipimo mapema. Wataalamu wa Shirika hilo walishauri tangu mwaka 1989 kwamba pale ambapo wanaume wenye upungufu huu wanafika asilimia 3 hadi 5 au zaidi, watoto wote wachanga wapimwe. Ni damu kidogo tu. Na ni bora akiwa mzima, kwani kipimo kikichukuliwa katikati ya shambulio kinaweza kuonyesha kuwa hana tatizo. Kama kuwapima wote ni kuzito kwa sasa, tuanzeni na kila mchanga anayegeuka manjano. Asirejeshwe nyumbani kwa kuambiwa aanikwe jua la asubuhi tu, kwani umanjano ukizidi huharibu ubongo na masikio, na taa ya buluu ndiyo tiba yake.

Kisha majibu yaandikwe kwenye kadi ya kliniki, mstari mmoja kwa wino mwekundu, pamoja na majina ya dawa za kuepuka, nafthalini na hina. Bibi asiyenisikiliza mimi ataisikiliza kadi yenye muhuri wa Serikali. Na wakunga wa vijijini waelezwe kwanza, kabla ya mabango.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mama wa Wete, Pemba