Mgonjwa aelezwe yanayomsubiri kabla ya kupasuliwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalosahaulika kila kinapozinduliwa chumba kipya cha upasuaji. Hotuba za siku hiyo huhesabu mashine na vitanda, na si vibaya, lakini wagonjwa wetu wengi wanaopoteza maisha hawafii juu ya meza ya upasuaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 katika nchi 25 za Afrika, ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya watano alipata matatizo, na kwamba sehemu kubwa mno ya vifo ilitokea baada ya upasuaji kwisha, yaani wakati ambao mgonjwa yuko mikononi mwa wauguzi.

Mimi ni muuguzi mstaafu wa wodi ya upasuaji, na mgonjwa niliyemwona mara nyingi kuliko wote ni yule aliyepasuliwa tumbo akawa anaogopa kukohoa. Anaamini nyuzi zitakatika, hivyo anajibana na kupumua juujuu, makohozi yanatuama kifuani, na baada ya siku chache homa inapanda. Hofu hiyo huondolewa kwa maelezo ya dakika chache jioni ya kuamkia upasuaji: aoneshwe namna ya kukumbatia mto juu ya kidonda, avute pumzi ndefu na kukohoa, aambiwe kwamba maumivu yatakuwepo, na kwamba aombe dawa mapema, asingoje hadi yamzidi nguvu. Badala yake wengi huambiwa mawili tu, kwamba wasile chochote kuanzia saa sita usiku na kwamba waweke sahihi hapa. Akiuliza zaidi, mgonjwa huambiwa amtegemee Mungu, jambo jema kabisa, ila si jibu la swali lake.

Ushahidi wa haya ni wa siku nyingi. Mwaka 1964 madaktari wa usingizi wa Massachusetts General Hospital, mjini Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 97 wa upasuaji wa tumbo. Waliotembelewa na kuelezwa kuhusu maumivu na namna ya kuyapunguza walihitaji takriban nusu ya dawa kali za maumivu walizopewa wenzao, na wakaruhusiwa kurudi nyumbani mapema kwa wastani wa siku 2.7. Mwaka 1975 muuguzi wa Uingereza, Jack Hayward, alitoa matokeo yaliyoelekea huko huko.

Najua nitaulizwa ni nani mwenye muda huo, ilhali muuguzi mmoja hubaki na wodi nzima usiku. Swali hilo lina uzito. Mwaka 2014 mtafiti wa uuguzi wa Marekani, Linda Aiken, na wenzake, baada ya kuchambua kumbukumbu za wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 420,000 katika nchi tisa za Ulaya, walieleza kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 tangu alazwe. Kwa hiyo ajira za wauguzi haziepukiki. Hata hivyo, hata kwa idadi tuliyonayo, wagonjwa wa kesho wanaweza kuelezwa kwa pamoja jioni, ndugu zao wakiwepo, kwa kuwa ndio watakaowauguza nyumbani.

Huko nyumbani ndiko tusikokujua vizuri. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huruhusiwa kwa onyo kwamba asinyanyue kitu kizito, lakini hakuna anayemuuliza kama ndoo ya lita 20 anaihesabu kuwa nzito, wakati kwake hayo ndiyo maji ya kila asubuhi na hana wa kumtekea. Jambo la namna hiyo hujulikana mgonjwa anapohojiwa kwa lugha yake, wiki kadhaa baada ya kutoka hospitali. Wanafunzi wa uuguzi katika vyuo vikuu vyetu hufanya tafiti za aina hii, kisha tasnifu zikaandikwa kwa Kiingereza na kubaki maktaba. Naiomba Wizara ya Afya ikubaliane na vyuo kwamba kila utafiti uliowahoji wagonjwa uwe na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, upelekwe kwanza kwa wauguzi wa wodi ile ile walikolazwa wagonjwa hao.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro