Jiko la kuni likifuka moshi umeme umekatika, kabla hujasema fundi kakulia hela

Mimi ni fundi wa kufagia dohani, yale mabomba ya kutolea moshi wa jiko, na kuni nauza pia. Simu za lawama huja usiku, barafu ikiwa imeshaangusha nyaya za umeme. "Fundi, mwezi wa kumi ulichukua dola zangu 250 ukasema dohani iko safi. Sasa nyumba nzima moshi!" Msimu uliopita nilipigiwa hivyo mara tano. Wa tano ni kaka mmoja wa hapa hapa Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, ambaye hata kabla sijafika kwake alikuwa ameshaandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba nimemlia hela. Ndiyo sababu naandika.

Nilimkuta kafungua madirisha yote, nje nyuzi 15 chini ya sifuri, watoto wamejifunika mablanketi juu ya makoti. Sikupanda hata paani. Nilifungua mlango wa jiko nikaona ukuni unatoa povu kwenye ncha na kuimba kama birika. Nikachukua mwingine kwenye lundo, nikauweka ndani kwanza upate joto (ukuni ulioganda hudanganya kipimo), nikaupasua katikati na kuchomeka kipima unyevu upande ule mpya. Asilimia 38. Kuni za kuwasha zinatakiwa ziwe chini ya 20.

"Hizi umenunua wapi?" Kwa mtu wa pikapu, kando ya barabara, wiki iliyopita, karibu nusu ya bei yangu. Ni mwaloni, tena wa kukatwa vuli ile ile. Mwaloni wa hapa Maine, ukishapasuliwa, unataka kama viangazi viwili ndipo ukauke. Ukiuchoma mbichi, moto wote unaishia kuchemsha maji yaliyomo. Na hata kipimo alipunjwa. Kuni hapa huuzwa kwa kodi (si ya nyumba, wala ya serikali): futi 4 kwa 4 kwa 8 zikiwa zimepangwa vizuri, yaani futi za ujazo 128. Pikapu ya kawaida, bodi ikijazwa mpaka juu, haifiki hapo.

Lakini kuni mbichi hazikuwa shida yote. Dohani ya nyumba ile imejengwa upande wa nje wa ukuta, na mwenyewe jiko haliwashi mpaka umeme ukatike. Siku nyingine zote anapasha nyumba joto kwa tanuru la mafuta. Dohani ya namna hiyo ikikaa wiki tatu bila moto, hewa iliyomo inapoa, inakuwa nzito, inaziba kama kizibo cha chupa. Ukiwasha, moshi unatafuta pa kutokea, na unapapata sebuleni. Anayewasha jiko kila siku habari hii haijui. Inampata yule aliyeliweka la dharura. Dawa yake ni gazeti: kunja kurasa mbili tatu, ziwashe juu kabisa ndani ya jiko, karibu na mdomo wa bomba, mpaka usikie dohani imeanza kuvuta. Hapo ndipo uweke vijiti vikavu. Nilifanya hivyo mbele yake, kwa kuni nilizokuja nazo kwenye gari, na baada ya dakika ishirini moshi ukaisha. Sikumtoza kitu. Kwenye kundi hakuandika lolote.

Ujanja unaoniudhi kuliko hata kuni za pikapu ni wa kufunga kilango cha hewa usiku ili moto "ulale" hadi asubuhi. Kuni unaokoa, sawa. Ila moshi wa moto uliobanwa hupanda polepole, unapoa njiani, na ukigusa kuta za dohani unaganda na kuwa kreosoti. Mwanzoni ni masizi tu, brashi inayatoa. Ukiendelea inakuwa magamba, kisha lami inayong'aa kama kioo, na hiyo brashi haiitoi. Lami hiyo inawaka. Mama mmoja wa Auburn, ng'ambo ya mto, aliniambia alisikia mngurumo kama treni inapita juu ya dari. Moto wa dohani unaweza kupita nyuzi 1,000. Nyumba ilipona, ila mabomba ya udongo ya ndani yalipasuka yote, ikabidi tushushe bomba la chuma kisichoshika kutu kuanzia juu mpaka chini. Alilipa zaidi ya dola 4,000. Alikuwa ameruka kunifagisha misimu mitatu, kwa sababu 250 ni nyingi.

Wengine huuliza kwa nini wahangaike na kuni ilhali tangi la mafuta limejaa. Mafuta unayo, lakini kichomeo na pampu vinataka umeme. Hata yale majiko ya vidonge vya unga wa mbao: mzee mmoja wa Bukavu aliuziwa moja akiambiwa ni jiko la kuni, umeme ulipokatika likazima naye akabaki kulitazama. Linahitaji mota ya kusukuma vidonge na feni. Hapa kukatika si kwa saa mbili. Januari 1998, mvua ya barafu iliwaacha wengine gizani zaidi ya wiki mbili. Desemba 2023, dhoruba ilizimia umeme wateja zaidi ya 400,000 wa jimbo hili.

Na tafadhali, jiko la mkaa lisiingie ndani. Najua tumekulia nalo, mbabula uliopikia Uvira au Kigoma haukuua mtu. Nyumba zile zilipitisha hewa. Hizi zimezibwa kila ufa. Sumu ya mkaa, hewa iitwayo kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Jenereta nayo ikae nje, mbali na dirisha, na kengele ya hewa hiyo iwe ya betri.

Kuhusu bei: hiyo 250 ni saa moja na nusu, turubai sebuleni, brashi ya kipimo cha dohani yako, kukagua kofia ya juu na kila kiungo cha bomba, pamoja na mimi kusimama juu ya paa lenye umande ulioganda. Aprili hadi Juni natoza 200, kwa sababu paa ni kavu na sina foleni. Wanaokuja miezi hiyo nawahesabu kwa vidole.

Yule kaka alinipigia Mei. Alitaka kodi mbili, akazilipia bila kubishana bei. Nilipopita Julai nikakuta kazipanga vizuri juu ya mbao, halafu kazifunika turubai mpaka chini, jasho linatiririka ndani. Nikalikunja libaki juu tu, upepo upite ubavuni. Akatoka na chai ya tangawizi, tukakaa kwenye ngazi. Kundini bado hajafuta ule ujumbe.